Kabla Hujatoa Pesa, Chinguile

Umeniuliza kama huu msumeno wa moto
ni wa kuaminika.
Kaa kwanza juu ya gogo hilo. Jibu lake si la kusimama.

Niliununua mwaka ule ufuta ulipopata bei,
mke wangu akitaka bati.
Muuzaji kule Masasi aliuvuta mara moja tu,
ukaitika kama mwanafunzi anayeitwa na ostadhi.
Nyumbani nikauvuta mara kumi na tisa.
Ya ishirini, ukakohoa.
Mke wangu akacheka hadi akakaa chini,
mvua ikidondokea kwenye sufuria, ndani, mbele ya wageni.

Asubuhi, ukiwa baridi, unataka choki,
mivuto mitano, na usiutukane.
Ukishachemka, ole wako uuzime ili unywe maji.
Basi kunywa, kula, lala kabisa;
utakukubali jua likishapinda.
Siku hizi siuzimi. Nauacha ungurume chini ya mkorosho
nami nabugia muhogo harakaharaka,
kama mtu aliyeacha mgeni mkorofi sebuleni.

Kwenye mkorosho mzee cheni inapita
kama kisu kwenye papai.
Kwenye mpingo (nilikuwa na kibali, usiniangalie hivyo)
ilitoa cheche, ikarudi butu kama ufizi wa bibi.

Mwezi wa sita, watu wakipuliza salfa,
chujio linajaa vumbi la njano.
Nalikung'uta, nalifua kwa petroli,
nalianika kambani kati ya nepi za mjukuu.
Plagi nimebadilisha saba.
Kamba ya kuvutia, tatu; hii ya sasa
ilikuwa ya mbuzi.

Kwa Bi Somoe Nampembe ulizimika katikati ya shina,
mti ukakaa, ukaubana upanga wake.
Nikaukomboa kwa shoka la kuazima,
la huyohuyo Bi Somoe,
naye amesimama pembeni
akihesabu mapigo kwa sauti.
Akanilipa nusu. Ilikuwa haki.

Sasa utataka kujua mbona sauti yake ina mkwaruzo.

Masika ya mwaka juzi mtondoo ulilala barabarani,
njia ya Nachingwea, saa nane usiku.
Upande wa huku pikapu, nyuma yake binti na uchungu wake,
turubai, mama mkwe, kikapu.
Wakanigongea.
Mivuto kumi na moja, Chinguile. Hakuna aliyehesabu
ila mimi.
Ukawaka. Ukala nusu ya shina,
kisha mafuta yakaisha.

Petroli tulifyonza kwa mpira kutoka tangi la bodaboda.
Lakini petroli tupu, bila oili, ni kuuchinja msumeno
huku unauona.
Oili ilikuwa nyumbani, ng'ambo ya kijito,
na kijito kilikuwa kimekuwa kitu kingine.
Ndipo yule mama mkwe akatoa kikapuni
chupa ya mafuta ya ufuta,
ya kuungia mboga hospitali.
Nikamimina kwa jicho. Nikatikisa.
Nikasema bismillahi kwa mashine.

Moshi ule! Barabara nzima ilinuka jikoni,
kama sikukuu, kwenye tope na tochi,
na nyuma ya pikapu mtu anauma turubai.
Kipande cha mwisho tulikisukuma kwa miguu.

Pistoni ilichubuka. Fundi aliifungua,
akanusa, akaniangalia, hakusema kitu.
Tangu hapo unakwaruza,
na siku ya joto kali mke wangu husema
anasikia harufu ya kashata.

Mtoto sijamwona. Nasikia ni wa kike
na halali usiku.

Wa kuaminika? Kama shemeji, labda.
Bei usinitajie, sijasema nauza.
Njoo. Mguu hapa, mkono huku, choki juu.
Vuta.
Siyo hivyo! Vuta kama unamtoa mtu kisimani.
Tena.